Tanga la Kichina Katika Vyombo vya Pwani: Suala la Istilahi

Mkwiro ni kijiji cha wavuvi kilichoko mwisho wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, katika sehemu ya pwani ambapo lahaja za Kivumba na Chifundi hupakana. Lahaja hizo zilichunguzwa na H. E. Lambert, ambaye vitabu vyake kuzihusu vilitoka mwaka 1957 na 1958. Lakini sarufi ya lahaja si hazina pekee ya mahali kama hapo. Iko pia lugha ya tanga, ambayo hupungukiwa na watumiaji kila mashine inapofungwa nyuma ya chombo.

Shauri la kukibadili chombo cha jadi kitumie tanga la Kichina huhesabiwa kuwa ni la mafundi peke yao. Makala haya yanalitazama pia kama suala la istilahi, kwa kuwa baharia hawezi kuamrishwa kwa jambo lisilo na jina.

Tanga la ngalawa au la jahazi lina pembe tatu. Hufungwa kwenye foromali ndefu, likatwekwa kwa henza, na kuzuiwa upande wa omo kwa ngwa na upande wa tezi kwa demani. Tanga hili huenda joshi vizuri sana, na hiyo ndiyo fahari yake. Taabu yake huonekana chombo kinapobisha: kila kinapogeuka, foromali hupitishwa upande wa pili wa mlingoti, kazi inayotaka watu na wepesi. Dhoruba ikizuka ghafula, kulipunguza tanga si rahisi. Mara nyingi hutuliwa lote, au hubadilishwa kwa tanga dogo zaidi. Mvuvi aliye peke yake na mtoto wake mdogo chomboni hulipa gharama ya fahari hiyo.

Tanga la Kichina limepangwa vingine. Foromali yake ni fupi, na chini yake zimo fimbo nyembamba zilizolazwa kukata tanga lote, kutoka ukingo hadi ukingo. Sehemu ndogo ya tanga hukaa mbele ya mlingoti, kwa hiyo chombo kikigeuka, tanga hupita lenyewe bila kubebwa. Upepo ukizidi, henza hulegezwa, na tanga hushuka pindo juu ya pindo kama mkeka unaokunjwa. Kitambaa kikitoboka, fimbo huzuia mpasuko usiendelee. Mwingereza H. G. Hasler alilitia tanga la namna hii katika mashua yake Jester, yenye urefu wa futi 25, akavuka Atlantiki peke yake katika mashindano ya mwaka 1960 na kuwa wa pili.

Fimbo hizo ziitwe nini? Atakayekimbilia neno la Kiingereza na kulipachika irabu mwishoni atakuwa amefanya haraka isiyo na sababu. Wajenzi wa nyumba za udongo wanazo fito, zinazofungwa kukata nguzo ili zishike udongo. Fito za tanga hushika kitambaa kwa kazi iyo hiyo. Kamba ndogo zitokazo katika kila ufito na kukusanyika katika demani moja zaweza kuitwa matawi ya demani. Henza, foromali na mlingoti havina haja ya kubadilishwa jina.

Mabadiliko ya namna hii si mageni. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, ulisafiri kwa tanga la mraba lililosukwa kwa miyaa hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tanga la miyaa likatoweka, la kitambaa chenye pembe tatu likabaki, na neno tanga likabeba vyote viwili. Merikebu za Zheng He, zilizofika Malindi mapema katika karne ya 15, zilikuwa na tanga la fito, lakini mtepe uliendelea na tanga lake. Kuona ufundi wa mgeni si kuuchukua.

Isidhaniwe kwamba ubadilishaji ni kazi nyepesi. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele na hutegemea kamba. Ule wa Kichina kwa kawaida husimama bila kamba za kuushikilia, ukibanwa shinani na kwenye sitaha. Ngalawa iliyochongwa katika gogo la mwembe haina sitaha, na mbao zake za juu ni nyembamba mno kuweza kubeba nguvu hiyo bila kuongezewa boriti. Fito nazo huongeza uzito juu, jambo ambalo matengo ya ngalawa huenda yakalivumilia kuliko dau lisilo nayo. Tena, katika kwenda joshi, tanga la pembe tatu kwa kawaida hulishinda la Kichina.

Katika orodha yote hiyo, neno litakalokosa kazi ni ngwa, kwa sababu ncha ya foromali haifiki tena omoni. Joshi halina hofu hiyo. Yafaa basi mtafiti aende na daftari lake Mkwiro, na katika vijiji vingine vya namna hiyo, aliandike neno ngwa na matumizi yake wakati wazee wanaolivuta kwa mikono yao bado wanakwenda baharini.