Fahamu: Kwa nini maji hutuama uani

Maji yaliyotuama ni yale yanayobaki kiwanjani mvua ikishakatika, yasipate pa kutokea wala pa kuzama.

Chanzo
Dar es Salaam, masika huwa Machi hadi Mei, na nyumba nyingi zimejengwa katika bonde la Mto Msimbazi. Udongo wa mfinyanzi hunyonya polepole. Ukishasakafiwa, ndiyo basi.

Madhara
Kuta hulowana, vyoo vya shimo hufurika, na mbu hukomaa ndani ya siku 7 hadi 14.

Tiba
Kwanza pima kama udongo hunyonya: chimba shimo la kina cha futi mbili, ujaze maji. Yakilala humo hadi kesho yake, shimo la kunyonya maji lenye kokoto litakuwa hasara. Afadhali mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani hadi mtaroni. Kumwaga kifusi pekee (ndiyo dawa ya wengi!) humhamishia jirani maji.