Samaki wa mtoto anapougua, kapsuli yako iache kabatini

Shinyanga. Saa kumi na mbili asubuhi simu ya dada yangu iliingia kutoka Songwa, wilayani Kishapu. Moyo ulinipasuka. Nilidhani ni habari za mama, ambaye figo zinamsumbua na miguu imekuwa ikivimba. Kumbe aliyeshika simu ni binti wa dada, mwanafunzi wa darasa la pili, akilia: "Mama mdogo, Dhahabu amelala ubavu!"

Dhahabu ni samaki wa mapambo, mwekundu mwenye mkia mrefu. Alinunuliwa Mwanza mwaka jana, akasafiri kwa basi ndani ya ndoo. Cheka ukipenda, hata mimi nilicheka kidogo. Lakini mzazi unayeishi na mtoto wa miaka saba unajua kwamba siku hiyo shule haiendeki.

Nilimuuliza dada alichofanya jana yake. Alimwaga maji yote, akasugua tangi kwa sabuni, akajaza ya bomba. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Maji ya bomba hutiwa klorini ili sisi tusiugue matumbo, na klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaache kwanza kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, kisha badilisha robo tu ya maji ya tangi. Ukimwaga yote na kusugua, unaondoa pia bakteria wazuri wanaoondoa sumu ya amonia itokayo kwenye uchafu wa samaki. Sabuni usiiguse kabisa.

Samaki akipandisha mdomo juu kama anayehema, anakosa hewa. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na joto la huku kwetu mnalijua. Chukua kikombe, chota maji na uyamimine tangini kutoka juu, mara nyingi. Chakula msimamishie siku moja au mbili. Kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita tano, kilichoyeyushwa pembeni kwanza, humsaidia samaki wa aina hii kupumzika.

Jioni Dhahabu akasimama. Nyumba nzima ilifurahi.

Wiki mbili baadaye tumbo lilivimba. Jirani akamshauri dada afungue kapsuli ya amoksilini iliyobaki kabatini na kuimwaga tangini. Nilimkatalia kwa ukali kidogo, naomba radhi. Dozi ya kubahatisha huacha bakteria hai waliokwisha kuizoea dawa, na maji yale tunayamwaga uani wanakocheza watoto. Siku mtoto atakapoihitaji dawa hiyo, huenda isimsaidie. Ukikwama, muulize afisa uvuvi au daktari wa mifugo wa halmashauri yako.

Jambo jingine ni mikono. Maji ya tangi yanaweza kuwa na bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu. Hawa hawashambulii mapafu kama kile kifua kikuu tunachokijua, ila wakipita kwenye mchubuko huleta vipele au vidonda vigumu kupona. Mtoto mwenye kidonda asitie mkono tangini, na wote mnawe kwa sabuni mkimaliza. Kidonda kisipopona, mwambie daktari kuwa mnafuga samaki, maana yeye hawezi kubahatisha. Na ninyi wa Geita na machimboni kwingine: ndoo iliyowahi kutumika kukamatia dhahabu kwa zebaki isiingie kwenye shughuli hii, wala isichote maji ya kunywa.

Siku ya tatu magamba ya Dhahabu yalisimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Hiyo ni dalili kwamba maji yamejaa mwilini, mara nyingi kwa sababu figo zimeshindwa. Wachache sana hupona. Asitupwe chooni akiwa hai, wala asipelekwe bwawani, kwa kuwa atawapelekea ugonjwa samaki wa huko. Njia isiyo na mateso ni mafuta ya karafuu, yale ya maumivu ya jino: matone kumi kwa kila lita, yaliyochanganywa kwanza na maji ya vuguvugu kidogo. Samaki husinzia, kisha hufa. Mwache humo nusu saa baada ya matamvua kutulia.

Dada alimweleza binti yake ukweli. Nilimsifu kwa hilo, kwani kumwambia mtoto kwamba samaki "amelala" kunaweza kumfanya aogope kitanda chake. Mtoto akafikiri, akauliza: "Na bibi amevimba. Naye mtamtia karafuu?"

Dada alinyamaza. Kisha akamwambia, "Bibi ana daktari, ana dawa, na kila mwezi anakwenda kliniki. Dhahabu hakuwa navyo."

Mama alikuwa amekaa mlangoni, anasikia yote. Alicheka hadi akakohoa. "Ng'wanawane, karafuu yangu mimi ni ya kwenye chai."

Walimzika chini ya mwarobaini, ndani ya boksi la majani ya chai. Tangi bado liko dirishani, tupu. Binti amesema hataki samaki mwingine kwanza, mpaka bibi arudi kliniki Jumatano.