Daftari la Kila Siku na Mwanafunzi Anayesuasua: Mfano wa Kambove

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kutumia maandishi mafupi ya kila siku kumtambua na kumsaidia mwanafunzi anayesuasua katika kusoma. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Kambove, mji wa migodi ulio kaskazini-magharibi ya Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga, kwani huko suala la lugha haliachani hata kidogo na suala la kusoma.

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, zilikusanya makambini wafanyakazi wa makabila mengi, nao wakasikilizana kwa Kiswahili. Mtoto wa Kambove aghalabu hufika shuleni na Kiswahili cha Katanga, pengine pamoja na Kisanga cha bibi yake. Vitabuni hukuta Kiswahili kingine, kile kiitwacho Kiswahili bora, kisha Kifaransa, ambacho sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakitaja kuwa lugha ya kufundishia, ingawa inaruhusu pia lugha za taifa.

Mwalimu wa Kongo tayari ana maandishi mengi: orodha ya mahudhurio, fishi za matayarisho, na jurnali ya darasa ambayo mkaguzi huisoma. Lakini jurnali hueleza mwalimu alifundisha nini. Haisemi mtoto fulani alifanya nini. Nazo pointi za mtihani huja muhula umekwisha, tena husema tu kwamba mtoto amepata 3 juu ya 10. Kwa nini 3? Hapo karatasi hunyamaza.

Njia ya kujibu swali hilo ilifafanuliwa vizuri na Marie Clay, mtaalamu wa Nyuzilandi aliyefariki mwaka 2007. Mtoto husoma kwa sauti kifungu kifupi, tuseme cha maneno 100. Mwalimu hutia alama kwa kila neno lililosomwa sawa. Likikosewa, huandika lile hasa alilolitamka mtoto. Mtoto akijisahihisha mwenyewe, halihesabiwi kosa, bali huandikwa, kwa kuwa ni dalili njema. Akikosea zaidi ya maneno 10 katika 100, kifungu ni kigumu mno kwake na apewe chepesi zaidi. Hata hivyo, hesabu si kiini cha jambo. Kiini ni aina ya makosa.

Mathalani, kitabu kimeandika: "Wanafunzi wanakwenda shuleni." Mtoto wa kwanza anasoma: "Banafunzi banaenda ku masomo." Mwalimu mwenye haraka atahesabu makosa matatu, yaani sentensi nzima. Lakini kiambishi ba- ndicho cha Kiswahili cha Katanga, kama ilivyo katika batoto na bantu. Ku huchukua nafasi ya -ni ya mahali. Na masomo ndilo jina la shule katika usemi wa kila siku. Mtoto huyo ameelewa alichosoma, akakisema kwa lugha ya kwao. Anachohitaji ni kuonyeshwa umbo la kitabuni kando ya umbo la nyumbani, bila kuaibishwa. Mtoto wa pili anakuta "Chupa imevunjika," anasoma "Chakula imevunjika," kisha anaendelea bila kushtuka. Huyu amebahatisha kutokana na herufi za mwanzo, na maana imempita. Anahitaji kurudishwa kwenye silabi, na kuzoezwa kujiuliza kama alichosoma kinaingia akilini. Wote wawili wangeweza kupata 3 juu ya 10 na kurudishwa darasa lile lile.

Ni kweli kwamba madarasa yamejaa, hasa tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ilipoanza kutolewa bure Septemba 2019. Hakuna mwalimu awezaye kuchungua watoto 60 kwa siku. Anaweza kuchungua 5, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, na kwa siku 12 za masomo atakuwa amewazungukia wote. Wanaosuasua awarudie mara nyingi zaidi.

Maandishi yenyewe yawe ya mambo yaliyoonekana, si hukumu. "Mvivu" ni neno lisilofundisha chochote. "Alisinzia saa ya pili, hakuja Jumatatu mbili mfululizo" ni habari inayoweza kufuatwa. Katika eneo la Kambove, ambako watoto wengine huosha na kuokota mawe ya madini pamoja na wachimbaji wadogo, mfululizo wa tarehe kama hizo waweza kumpeleka mwalimu kwa wazazi na swali la hakika mkononi. Vivyo hivyo, "hugeuza sikio moja kila ninaposema" au "husoma vizuri kitabuni, hasomi ubaoni" ni maneno ya kupeleka zahanati kabla ya kumpa mtoto zoezi jingine.

Daftari hili lisisomwe mbele ya darasa, wala lisichanganywe na jurnali ya mkaguzi. Mwalimu anayejua kwamba ataandikiwa pointi kwa ajili yake ataandika ya kupendeza. Afadhali, mwaka wa masomo ukiisha, kurasa za wanaosuasua zikabidhiwe mwalimu wa darasa linalofuata, ili Septemba asianze kuuliza upya yale ambayo mwenzake aliyajua tangu Novemba.