Besiboli: Staa wa mamilioni anabebwa na chipukizi wa bei chee

Desemba 2024, Juan Soto alikubali kujiunga na New York Mets kwa dola milioni 765, miaka 15. Wastani ni milioni 51 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara MLB, ligi kuu ya Marekani, msimu wa 2025 kilikuwa dola 760,000. Piga hesabu: Soto mmoja ni sawa na wachezaji 67 wa kima hicho, na kikosi kizima ni watu 26 tu!

Klabu zinamudu vipi? Kwa kutegemea vijana. Kwa kawaida, miaka mitatu ya mwanzo klabu ndiyo inayompangia mchezaji mshahara. Baada ya hapo anaweza kwenda kwa msuluhishi, na pesa inapanda. Akitimiza miaka sita, yuko huru. Kwa hiyo kijana anaweza kung'ara kuliko staa na bado akalipwa kiduchu. Chenji inayobaki ndiyo inayolipa mastaa.

Mwaka 2002, Oakland Athletics walitumia takriban milioni 40 tu wakashinda mechi 103, sawa na New York Yankees waliotumia zaidi ya milioni 120. Ila Jason Giambi, staa waliyemlea wenyewe, tayari alikuwa ameshahamia hukohuko Yankees.