Kilo zako zimetoka wapi?

Umepanda mizani ya mtaani, ikasoma kilo 60. Unadhani ni kilo za nini? Karibu uzito wako wote uko ndani ya protoni na nyutroni, na kila moja ina kwaki tatu. Jumlisha uzito wa kwaki hizo: hata haupiti asilimia 2 ya protoni. Yaani wewe mzima, kwaki zako hazifiki kilo moja na nusu! Kilo nyingine karibu zote ni nishati ya kani kali inayozifunga pamoja. E=mc², si unaikumbuka?

Sasa kwaki inapimwaje, na haitoki nje ikiwa peke yake? Ukiivuta, nishati unayotumia inazaa kwaki nyingine, unarudi palepale. Kwa hivyo wanafizikia huenda kinyumenyume: kwenye kompyuta kubwa hubadilisha uzito wa kwaki mpaka chembe za hesabu, kama payoni, zilingane na zile za maabara.

Kani yenyewe ina vituko. Kwaki zikikaribiana sana, inalegea. Gross, Wilczek na Politzer waligundua hilo mwaka 1973, wakapata Nobel 2004. Kwenye nishati ya chembe ya Z, nguvu yake ni 0.118. Hiyo 8 ya mwisho ndiyo bado inawakosesha usingizi.