KIHISPANIA KWA VIDEO: TUSIKIE WENYEWE MANENO YA WENZETU



Miaka michache iliyopita tulihudhuria mkutano wa wafanyakazi wa mashamba kutoka nchi nyingi. Wakati wa chakula tuliketi meza moja na mama kutoka Kolombia, mkata maua kama wengi wenu mnaofanya kazi hapa Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria. Asubuhi mkalimani alikuwapo, tukamsikia vizuri. Sasa mkalimani alikuwa amekwenda kula. Yule mama akatuonyesha kifundo cha mkono wake kilichovimba, akacheza vidole kama mtu anayekata kwa mkasi, akasema maneno mengi. Sisi tukatikisa vichwa tu. Tulitaka kumwuliza: mnakata mashina mangapi kwa saa? Mtu akiumia mkono, nani humlipa? Hatukuwa na neno hata moja.

Jambo hilo lilitukera mpaka nyumbani. Kolombia na Ekuador ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi sana duniani, na waridi lao hukutana na letu katika masoko yale yale, hasa kabla ya tarehe 14 Februari. Tukidai nyongeza, mara nyingi huambiwa kwamba wenzetu wa huko wanaridhika na kidogo. Je, ni kweli? Asiye na lugha hawezi kuuliza. Kihispania ni lugha ya nchi zipatazo 20, tangu Hispania hadi Ajentina, na hapa Afrika ni Guinea ya Ikweta. Zaidi ya watu milioni 400 wamezaliwa nacho.

Basi tukaanza kujifunza kwa video. Masomo tuliyoanza nayo yanaitwa Destinos, yaliyotolewa Marekani mwaka 1992. Yana sehemu 52, kila sehemu kama nusu saa. Ni mchezo wa kuigiza: mwanasheria Raquel anatumwa na mzee tajiri wa Meksiko kumtafuta mke wake wa kwanza, waliyepotezana wakati mji wa Guernica ulipopigwa mabomu mwaka 1937. Raquel anasafiri Hispania, Ajentina na Puerto Rico, nawe unamfuata. Mwanzoni maelezo mengi ni ya Kiingereza, kisha yanapungua kidogo kidogo. Mwisho wa kila sehemu Raquel hurudia yaliyotokea, pole pole. Macho yanasaidia masikio, na kanuni zinakuja baada ya maneno.

Tuliogopa sarufi, maana wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Kumbe Mswahili ana faida. Irabu ni tano zile zile: a, e, i, o, u. Herufi ñ ni ny yetu, hivyo compañero, yaani mwenzetu, husomwa "kompanyero". H haisomwi: huelga, mgomo, ni "welga". J ni kama kh ya Kiarabu: trabajo husomwa "trabakho".

Kitenzi nacho hubeba mtendaji ndani yake kama chetu, ila sisi tunamweka mbele na wao wanamweka nyuma. Trabajo ni ninafanya kazi. Trabajas, unafanya kazi. Trabajamos, tunafanya kazi. Trabajan, wanafanya kazi. Ngeli zao ni mbili tu, ya kiume na ya kike, na sifa hufuata jina kama kwetu: los obreros unidos, wafanyakazi walioungana, las rosas rojas, mawaridi mekundu. Angalia mitego: mkono ni la mano, wa kike ingawa unaishia na o, tatizo ni el problema, la kiume ingawa linaishia na a. Na "kuwa" kuna aina mbili. Soy obrera, mimi ni mfanyakazi, ndivyo nilivyo. Estoy enferma, ninaumwa, ndivyo nilivyo sasa.

Lakini video ina kasoro moja kubwa: haikusikii. Tulitazama sehemu kumi tukajiona wajuzi. Siku tuliyosalimiwa na Mhispania, ulimi ukaganda. Hapo tukakumbuka jinsi wengi wetu tulivyopata Kiswahili. Hatukukipata darasani, tulikipata kambini, kwa kusema na wenzetu na kuchekwa.

Tukaunda kundi la watu sita, kila Jumamosi jioni ofisini. Mara ya kwanza tunatazama bila kusimamisha. Mara ya pili tunasimamisha kila sentensi na kuirudia kwa sauti. Mara ya tatu tunazima sauti, sisi ndio tunawasemea waigizaji. Kisha mmoja anakuwa meneja, mwingine mjumbe wa chama, wanajadiliana mshahara. Dada mmoja alitaka kusema ana njaa, tengo hambre. Akasema tengo hombre, nina mwanamume. Tulicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo hakuna aliyelikosea neno hilo.

Jambo lingine ni adabu. Mtu mmoja huitwa tú akiwa rafiki, au usted kwa heshima. Huko Kolombia wengi hutumia usted hata nyumbani. Sisi tumeshika usted. Ukimheshimu mtu mno hutapata hasara.

Mwaka jana tulimpelekea yule mama ujumbe wa sauti kwa simu. Tulikuwa tumeuandika kwanza, tukausahihisha watu sita. Tulimwuliza juu ya mkono wake, na kama ni kweli wanaridhika na kidogo. Jibu lilikuja usiku. Tuliusikiliza ujumbe ule kama tunavyosikiliza masomo: mara moja, mara mbili, mara tatu. Mkono bado unamwuma. Kuhusu mshahara alisema hapana, hawaridhiki, wanadai kila mwaka. Nao huambiwa kwamba wafanyakazi wa Afrika ndio wanaoridhika na kidogo.

Ndugu, neno hilo lilituuma, lakini tulilisikia kwa masikio yetu wenyewe. Basi kila tawi litafute watu watano au sita, jioni moja kwa juma, na mtu mmoja wa kuandika maneno mapya ubaoni. Msingoje wasomi. Mwenzenu aliye ng'ambo ya bahari naye ana swali la kuwauliza.