Mabingwa wa Topeni: Kutoka Majaruba ya Usangu Hadi Mikoko ya Rufiji

Mfuko wa Urea wa kilo 50 anaoufungua mkulima wa mpunga Mbarali, katika bonde la Usangu, una kilo 23 za naitrojeni. Sehemu yake itanyonywa na mpunga, sehemu itapotelea hewani, na sehemu itafuata maji: kinamasi cha Ihefu, mto Ruaha Mkuu, mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha mto Rufiji na Bahari ya Hindi. Wanaoamua kiasi gani kiende wapi ni viumbe wa topeni, wengi wao wadogo wasioonekana kwa macho. Hawa ndio mabingwa wao.

Waliofaulu kazi ngumu kuliko zote

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuila, kwa kuwa atomi zake zimeshikamana mbilimbili kwa vifungo vitatu. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, chini ya mgandamizo mkubwa. Bakteria wa rhizobia hufanya kazi hiyohiyo ndani ya mizizi ya maharage, katika udongo wa baridi wa Uyole na Mufindi. Ng'oa mche unaochanua upasue kinundu cha mzizi: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea.

Wezi hodari kuliko wote

Urea iliyorushwa juu ya maji ya jaruba haidumu. Kwa siku chache tu vijidudu huigeuza kuwa amonia, na sehemu yake huruka hewani. Inayobaki hukutana na ngozi nyembamba ya tope lenye oksijeni, ambako bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti. Naitreti ikizama kwenye tope jeusi lisilo na oksijeni, kundi la tatu huivuta kama sisi tunavyovuta hewa, na kuiachia kama gesi. Fedha ya mkulima imeyeyuka bila mkono wa mtu kuonekana. Dawa yake inajulikana: mbolea ikifukiwa sentimita 7 hadi 10, hubaki amonia iliyoshikwa na udongo, kwa sababu huko chini hakuna oksijeni ya kuanzisha mnyororo huo.

Wanyama wazito kuliko wote katika hadithi hii

Kiboko mmoja hula takriban kilo 40 za majani kwa usiku, na mchana hurudisha sehemu yake majini kama kinyesi. Mto ukitiririka, hicho ni chakula cha samaki na wadudu wa majini. Lakini tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Mwaka 2018 mwanaikolojia Keenan Stears na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika mto huo: maji yakisimama, kinyesi humaliza oksijeni ya dimbwi, na samaki na viumbe wadogo hupungua. Kiboko ni yuleyule na kinyesi ni kilekile. Kilichobadilika ni mtiririko wa maji.

Sakafu isiyopumua

Ziwa Nyasa, linaloonekana bluu kutoka Matema, lina kina cha zaidi ya mita 700, na ni la pili kwa kina Afrika baada ya Tanganyika. Lakini oksijeni yake huishia kwenye mita 200 na ushei. Pembezoni konokono huchimba mchanga na samaki huufukua. Kule chini hakuna mchimbaji, na amonia hurundikana gizani. Katika Tanganyika, mwaka 2006, watafiti walitoa ushahidi wa kwanza katika ziwa la maji baridi wa bakteria wanaounganisha amonia na naitraiti, ndugu ya naitreti, kuwa gesi ya naitrojeni bila oksijeni yoyote.

Wachimbaji wa msitu mkubwa

Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Humo kaa huchimba usiku na mchana. Kila shimo hupeleka maji yenye oksijeni ndani ya tope jeusi, na ukutani mwake ngozi ile nyembamba ya jaruba hujirudia: naitreti hutengenezwa upande mmoja, na umbali wa unywele tu pembeni hugeuzwa gesi. Uwanja wa kazi uliokuwa juu ya tope tu sasa umeshuka chini. Huko Kanada, mwaka 1976, waliripotiwa kamba wa baharini waliochimba kupita mita 2.5.

Ghala kubwa kuliko yote

Kwenye tope la bahari ya Namibia yumo bakteria aliyetangazwa mwaka 1999, Thiomargarita namibiensis, mwenye upana wa hadi milimita 0.75, anayeonekana kwa macho. Tumboni mwake hubeba naitreti iliyokolea hadi mara 10,000 ya maji ya bahari, akiba ya kumwezesha kupumua pale oksijeni inapokosekana. Rekodi ya ukubwa ilivunjwa mwaka 2022 na ndugu yake wa mikoko ya Guadeloupe, mwenye urefu wa sentimita moja hivi.

Mwizi aliye mlinzi

Mwizi wa Mbarali ndiye mlinzi wa Rufiji. Kazi ile inayomwibia mkulima mbolea ndiyo inayozuia naitrojeni iliyozidi isiijaze bahari mwani na kuwakosesha samaki pumzi. Kwa hiyo tusimuue, tumpangie mahali: jarubani tufukie mbolea asiifikie, Ihefu tuache maji yapite, na deltani tuiache mikoko isimame ili kaa wapate pa kuchimba. Yanayohitajika ni matatu, na la kwanza linaanza kwenye jaruba, kwa kidole kinachosukuma mbolea chini ya tope.